Madebe Mawili ya Mwanaidi

Mpaka siku nilipoitwa, nilikuwa sijui kwamba mwanangu ni watu wawili. Nilizaa mmoja. Nilinyonyesha mmoja, nikambeba mgongoni mmoja, na siku thelathini na tisa kabla ya kuitwa nilimzika mmoja, kwa macho yangu haya, nikitazama kila koleo la mchanga linavyoshuka ili nisipate nafasi ya kulia. Halafu ikaja karatasi nyumbani. Karatasi ikasema wapo wawili, na mimi nichague nani abaki.

Ngoja niseme taratibu, maana hofu inanifanya niruke. Katika mji wetu, ambao siutaji jina kwa kuwa wenyewe umeshasahauliwa mara mbili, kila anayekufa ana siku arobaini. Ndani ya siku hizo kila mtu anamkumbuka apendavyo. Mwenye kumlilia analia, mwenye kumsengenya anasengenya. Siku ya arobaini, yule aliyemjua marehemu kwa muda mrefu kuliko wote huenda Nyumba ya Kupepeta na kutamka neno moja. Neno moja tu. Wanalichonga kwenye kibao, kibao kinatundikwa, na chochote cha marehemu kisichoingia ndani ya neno hilo kinatoka vichwani mwa watu wote kama pumba kwenye upepo. Haiumi, wanasema. Na ni kweli haiumi, maana ukisahau hivyo unasahau pia kwamba kuna kitu umesahau. Kinachoumiza ni ile siku moja kabla, ukiwa bado nacho.

Nani aliweka sheria hii? Nilipokuwa mdogo nilimuuliza baba yangu. Akasema wafu ni wengi na vichwa ni vichache. Nikamuuliza, nani alivihesabu? Akanitazama kwa hofu, akainuka, akafunga dirisha, ingawa ilikuwa mchana na joto kali. Nimeishi miaka sabini na kitu, na dirisha lile halijafunguliwa ndani yangu.

Karatasi aliisoma Shani, mjukuu wangu mkubwa, binti wa Mwanaidi. Mimi kusoma najua, lakini siku ile herufi zilikuwa zinatembea kama siafu.

"Marehemu Mwanaidi binti Salehe," akasoma. "Maneno yaliyokubaliwa ni mawili. Mama. Mfanyabiashara. Chagua moja, siku ya arobaini, saa nne asubuhi."

Akaikunja.

"Bibi, kuna la kufikiri hapo? Sema mama. Wadogo zangu hata kufunga kamba za viatu bado hawajui, unataka wamsahau?"

"Sitaki."

"Basi tukaseme mama, turudi tupike."

"Na mashine?"

"Mashine ni chuma, bibi."

Mwanaidi alikuwa na mashine ya kusaga nafaka pale njia panda, na mji mzima ulikula unga uliopita mkononi mwake miaka ishirini na miwili. Ni chuma, kweli. Lakini niliposikia mtoto wake akisema hivyo, kitu kilinishika hapa chini ya mbavu, kitu chenye vidole. Hakijaniachia mpaka leo ninapoandika.

Njia ya kwenda Nyumba ya Kupepeta naijua, kila mtu anaijua, lakini asubuhi ile ilikuwa haikubali kukanyagwa. Nikipiga hatua naona nimerudi kwenye umri mwingine. Hatua hii nina miaka tisa na ninatumwa chumvi. Hatua hii nina mimba, nashika mti, natapika. Hatua hii Mwanaidi ana miaka saba, ananivuta kanga, anasema mama twende. Na hapohapo ana miaka hamsini, anapita mbele yetu na gunia kichwani, hageuki. Nikamwita. Shani akanibana mkono. "Bibi, unamwita nani?" Nikasema simwiti mtu.

Ni nini mtu? Nilijiuliza njiani, na sikuuliza kwa raha. Ni yale aliyoyafanya? Basi aliyelala hayupo. Ni yale anayokumbukwa? Basi tunashikwa na watu wengine kama kikombe, na mikono ya watu inateleza. Mimi nilidhani mtu anakufa mara moja, anamaliza. Kumbe kufa ni kuingia mikononi.

Foleni ilikuwa ndefu, na haikuonekana ilikoanzia. Wengine walikuwa wamesimama muda mrefu mpaka wamesahau wamekuja kumsemea nani. Mbele yetu mzee mmoja alikuwa anarudia jina moja chinichini bila kupumzika, kwa kuogopa lisije likamtoka. Nyuma yetu akaja Bi Chiku, jirani yangu, aliyekuwa akileta muhogo mkavu kusaga kila Alhamisi.

"Mama Mwanaidi! Na wewe umeletwa?"

"Nimeletwa."

"Pole, shoga yangu. Mimi nimekuja kulalamika." Akasogea, akateremsha sauti, lakini sauti ya Bi Chiku haiteremki. "Mume wangu mwaka jana nilimsemea 'mpole'. Nikaona ni neno zuri, linakaa vizuri kwenye kibao. Sasa nyumbani mlango wa chumbani una tundu la ngumi. Ngumi ya mwanamume, pana hivi! Nami najua mume wangu alikuwa mpole. Basi nani alipiga mlango? Kila asubuhi naliangalia lile tundu natetemeka, naona kama kuna mwanamume mwingine alikuwa anaingia kwangu."

Shani alicheka, akajiziba mdomo.

"Cheka tu, mwanangu. Hata mimi wiki ya kwanza nilicheka."

"Labda mwizi, bibi."

"Mwizi gani anapiga ngumi mlango halafu ananiachia vitenge vitatu kabatini? Maana vitenge vipo, vya sikukuu, vimekunjwa, na huyo mpole ninayemkumbuka alikuwa hajui hata duka liko wapi." Hapo hakucheka tena. Akanishika bega. "Usiseme neno zuri, Mama Mwanaidi. Neno zuri ndilo linalokula sana."

Tukaitwa.

Ndani ya nyumba ile ni saa nne asubuhi daima. Saa ya ukutani ina mshale mmoja, na huo mmoja umepigwa msumari. Kuta nyeupe, sakafu nyeupe, vumbi jeupe hewani kama la mashineni kwa mwanangu, ila vumbi la mashineni lina harufu ya chakula, na lile halikuwa na harufu yoyote. Kitu kisicho na harufu kinatisha. Pua inatafuta, inakosa, inaanza kuiogopa nafsi yake.

Mpepetaji alikuwa nyuma ya meza. Mwanamume wa makamo, mikono misafi, sauti ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. Mbele yake yalikuwa madebe mawili matupu, la kushoto limeandikwa BIASHARA, la kulia NYUMBA.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Karibu kiti. Na binti akae pale. Umemjua marehemu tangu lini?"

"Tangu kabla hajajijua."

Akatabasamu. Alipotabasamu nikaona ana meno ya marehemu baba yangu. Nikapepesa macho, akawa anafanana na mwalimu wangu wa darasa la pili, yule aliyekuwa akitupiga vidole. Nikapepesa tena, nikaogopa kutazama zaidi, kwa kuwa uso uliokuwa unakuja ulikuwa wangu.

"Sema lolote," akasema. "Mimi nitapanga. Debe litakalojaa zaidi litakusaidia kuchagua."

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Alizaliwa miguu mbele, mkunga akasema mmoja wetu atakwenda." Likaanguka mezani, tii! Punje ya mahindi. Limetoka kinywani mwangu neno, limefika mezani punje. Mpepetaji akaiokota, akaikagua kwenye mwanga, akanirudishia.

"Hiyo ni yako, mama. Hofu ilikuwa yako. Yeye alikuwa anazaliwa tu."

Nikaifumbata kiganjani. Nikaendelea. Nikasema mumewe wa kwanza aliondoka na hakuaga, akamwachia Shani wa miaka mitatu. Punje, debe la kulia. Nikasema akaipata mashine kuukuu nyuma ya bohari, imelala kwenye nyasi, ndani yake kuku wametaga, akaifungua nati moja moja kwenye ua wangu, akaisafisha kwa mafuta ya taa, akaikusanya tena, na alipomaliza ikabaki nati moja hajui ya wapi, akaivaa shingoni kwa uzi. Punje, debe la kushoto. Nikaanza kupata moyo. Nikadhani inawezekana.

"Alikuwa anafungua mashine alfajiri, mtoto mgongoni."

Mkono wa Mpepetaji ukasimama hewani. Akatoa kisu kidogo.

"Kufungua, biashara. Mtoto mgongoni, nyumba." Akaikata punje katikati. Nusu huku, nusu huku.

Jamani. Ilipokatwa ile punje nilisikia kitu kinakatika ndani ya chumba, si mezani. Nikamtazama Shani. Alikuwa ameshika mgongo wa shingo yake.

"Umeumia?"

"Hapana, bibi. Nimesikia baridi tu. Kama mtu amenitua chini."

Nilitaka kuondoka. Mpepetaji akasema, kwa upole, "Endelea, mama," na mimi, mtu mzima niliyezika wangapi, nikaendelea kama mtoto wa shule aliyeitwa ubaoni. Huo ndio utawala, nimeuelewa nimezeeka: si anayekupiga, ni anayesema endelea ukaendelea.

Nikasema juu ya kopo.

Na hapa lazima nieleze, kwa asiyewahi kusimama mashineni. Mashine ya kusaga ina tumbo. Asubuhi ikiwa tupu, mteja wa kwanza anapomwaga mahindi yake, mashine inajilamba kwanza. Unga unanata kwenye kuta zake, kwenye chekeche, kwenye ile soksi ndefu ya nguo inayotolea unga. Kwa hiyo wa kwanza daima anarudi nyumbani na upungufu, na wa pili anachukua kidogo cha wa kwanza, na wa tatu cha wa pili, mpaka jioni. Ndiyo maana kwenye mashine za watu wengine asubuhi utakuta wanawake wamesimama mlangoni wanasalimiana, hakuna anayeingia, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia dada, tangulia wewe.

Kwa Mwanaidi hawakusimama. Yeye kila asubuhi alichota kopo moja la mahindi kwenye debe letu la nyumbani, mahindi ya watoto, akayasaga kabla hajafungua mlango. Anasema anailisha mashine ili isimle mtu. Na jioni, wateja wakiisha, anaipigapiga ile soksi kwa mwiko, anakung'uta kuta kwa brashi safi, na unga unaotoka pale anauleta nyumbani. Huo si unga wa mtu. Ni wa mji mzima: mahindi ya huyu, mtama wa yule, muhogo wa Bi Chiku, ulezi wa harusi, mchele wa mgonjwa. Anaupikia uji. Siku nyingine uji mweupe, siku nyingine mwekundu, siku nyingine wa kijivu usioelezeka. Watoto wananuna, wanasema mama uji gani huu? Naye anacheka: "Kunyweni. Mji mzima umewachangia, na hakuna anayejua."

Punje ya kopo ilianguka mezani, kubwa kuliko nyingine.

"Kopo lilitoka wapi?" akauliza Mpepetaji.

"Nyumbani."

Debe la kulia. Nikasema, "Lakini liliingia mashineni, kwa ajili ya mteja." Akaitoa, akaihamishia kushoto. Nikasema, "Na jioni likarudi nyumbani, likawa uji." Akaitoa tena. Mkono wake ukasimama katikati ya madebe.

"Mama. Usinichezee."

"Sikuchezei, baba. Ndivyo ilivyokuwa."

"Alipochota lile kopo alikuwa anawapa wateja au anawanyang'anya watoto?"

Hilo sikuwahi kuulizwa. Na naapa, hakuna neno lililonitisha kama hilo siku ile, kwa sababu nilijikuta nalijibu. Nikasema iko miezi ambayo debe la nyumbani lilikuwa linalia tupu, na bado kopo lilitoka. Nikasema niliwahi kumshika mkono nikamwambia Mwanaidi, watoto wako. Akaniambia, mama, nikiacha leo, kesho watakuja wachache, kesho kutwa watoto watakula nini? Nikamwachia mkono. Sikumwelewa. Nilinuna siku tatu.

Mpepetaji akaweka kisu juu ya punje, akabonyeza. Haikukatika. Akasimama, akaegemea kwa uzito wake wote, jasho likamtoka kwenye masharubu. Haikukatika. Ndipo akanigeuzia kisu, mpini upande wangu.

"Kata wewe. Wewe ndiye uliyezaa."

"Sikati."

"Basi onja. Kabla ya kuchonga tunaruhusu kuonja. Sema neno moja, utazame, halafu sema la pili, utazame. Hapo moyo wako wenyewe utakata."

Nikamgeukia Shani, mjukuu wangu, niliyemfunga nepi. Nikasema, polepole, "Mama."

Nje, upande wa njia panda, mngurumo ambao tumeuzoea hata hatuusikii ukakatika. Macho ya Shani yakawa makavu.

"Bibi," akasema, "mama alikuwa anakwenda wapi mchana?"

"Unasemaje?"

"Nakumbuka anatoka. Nakumbuka anarudi, amechoka. Katikati hakuna kitu. Nakumbuka nikiwa nimekaa juu ya kitu laini, nasubiri, lakini sijui nimekaa juu ya nini." Uso wake ukaanza kukunjamana, si kwa huzuni, kwa kinyongo. "Alikuwa na mtu, bibi? Alikuwa anatuacha aende kwa nani?"

"Hapana! Magunia, mwanangu, ulikuwa umekaa juu ya magunia."

"Magunia gani?"

Nikapiga kelele nikasema lile la pili, ili tu lile la kwanza liondoke. "Mfanyabiashara!"

Mngurumo ukarudi. Shani akainuka, akanyoosha sketi yake, akanipa mkono kwa adabu. "Pole sana na msiba, bibi. Yule mama wa mashine, sivyo? Watu wanasema alikuwa mwaminifu, hapunji mtu." Akaguna kidogo, kama tunavyoguna sote kwa msiba wa mtaa wa pili. "Aliacha watoto?"

Hapo nililia. Nililia bila sauti, mdomo wazi, kama samaki. Niliogopa, si kufa, si huyu mwanamume na kisu chake. Niliogopa kwamba uso ule wa adabu ungebaki, na ningeishi nao nyumba moja, tukila sahani moja, na mama yake angekuwa jina la watu wengine.

Mpepetaji akafuta meza kwa kiganja. Shani akarudi, akakaa, akashika kichwa. "Bibi, kumetokea nini? Mbona unalia?"

"Ni kuonja tu," Mpepetaji akamjibu kwa niaba yangu. Kisha kwangu: "Sasa unajua. Lipi?"

Mtu wangu alikuwa kule katikati ya madebe, kwenye ile punje isiyokatika. Kama wangeniambia nichague jicho, ningetoa jicho. Nikakaa kimya. Ninajua kukaa kimya. Nimelea watoto, nimengoja mvua, nimengoja mwanamume asiyerudi na mgonjwa asiyepona. Kukaa kimya kwangu si kushindwa. Nilikuwa natafuta mlango ndani ya maneno yake mwenyewe, kama anayepapasa ukuta gizani.

"Baba," nikasema. "Kila mtu ana vibao vingapi?"

"Kimoja. Kila aliyezaliwa ana kimoja."

"Na mimi nimezaliwa?"

Akageuka, akatazama rafu iliyokuwa nyuma yake.

"Nimezaliwa au sikuzaliwa?"

"Umezaliwa, mama."

"Changu kiko wapi?"

"Kiko kwenye rafu. Kitupu. Kinangoja siku yako."

"Kishushe, kikae na cha mwanangu. Kwenye kimoja andika mama. Kwenye kingine andika mfanyabiashara. Vyote viwili kwa jina lake, vitundikwe msumari mmoja."

Shani akasimama. "Bibi, unafanya nini?"

Mpepetaji hakukasirika. Hilo ndilo lililonipiga zaidi. Alinitazama kwa huruma, na uso wake, safari hii, haukufanana na wa mtu yeyote. "Unajua maana yake? Asiye na kibao hana hata siku arobaini. Hatungoji afe. Tunaanza palepale patasi inapokoma. Utakuwepo, utakula, utalala. Lakini hutakuwa wa mtu."

"Naelewa."

"Yeye mwenyewe marehemu angekubali?"

"Hakuniuliza mimi alipokuwa anachota lile kopo."

"Bibi, hapana." Shani alinishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, ananivuta kwenye kiti. "Hapana, bibi, tutasema mama, mimi nitasahau hayo mengine, sijali, nitakasirika na kuishi nimekasirika, sijali! Bibi, nisikilize. Nani atanisuka? Nani ata..."

Nyuma ya meza kulikuwa na mlio mdogo wa patasi kwenye mbao. Kra. Kra. Niliogopa mpaka nikahisi nywele zangu moja moja. Mlio ukakoma. Mtu akapuliza vumbi.

Shani alikuwa bado ameshika mkono wangu. Akautazama mkono. Akauachia taratibu, kwa heshima, kama anayerudisha kitu cha watu alichokiokota.

"Samahani, bibi," akasema. "Nilidhani unaanguka."

Akachukua mkoba wake akatoka. Mpepetaji alikuwa anaita anayefuata.

Sikuwa na pa kwenda, kwa hiyo nilikwenda njia panda. Siku ngapi zilipita njiani sijui. Niliondoka saa nne na nilifika saa nne. Bi Chiku alinipita, akanisalimia kama anavyosalimiwa mpita njia. Mashine ilikuwa imezimwa, wateja wamepungua. Wajukuu wangu wadogo walikuwa kizingitini wanagombania kiatu. Nikawatazama, wakanitazama, mmoja akamwambia mwenzake, bibi kizee huyo, msalimie, wakasema shikamoo kwa pamoja wakaendelea kugombana.

Shani akatoka, unga kwenye nyusi.

"Karibu, bibi. Umeleta nini, mahindi?"

"Sikuleta kitu. Nimechoka tu. Naomba nikae."

"Kaa, kaa hapo penye kivuli." Akaniletea kigoda, akaniletea maji kwenye bilauri, akachuchumaa karibu, kwa kuwa alilelewa vizuri. "Si wa hapa wewe, eh?"

"Si wa hapa."

"Basi hukumjua mama yangu. Mashine hii ni yake."

"Sikumjua," nikasema. "Nisimulie."

Na akanisimulia. Alinisimulia kila kitu, na vyote vilikuwepo, magunia na mgongo na uji wa rangi zisizoelezeka, mama na mwenye mashine katika sentensi moja, hapatwi na kigugumizi popote. Nilisikiliza nikiwa nimeshika bilauri kwa mikono miwili. Kisha akapunguza sauti, akasogea.

"Lakini kuna kitu, bibi, watu hawakijui. Mama alikuwa anaiogopa hii mashine. Miaka yote ile. Aliwahi kuona ya mtu mwingine imekata mkanda, mkanda ukamrukia yule mtu usoni. Kila asubuhi kabla ya kuwasha alikuwa anatetemeka mwili mzima, analia hata. Alikuwa ananishika sikio, hivi, mpaka injini ichanganye na kunguruma sawasawa. Halafu anajifuta uso, anafungua mlango, anacheka na watu."

Miaka ishirini na miwili. Nilimzaa mimi. Tuliishi ua mmoja.

"Hakumwambia mtu?" nikauliza.

"Alinikataza. Alisema Shani, sema kwa yeyote utakaye, lakini kuna mtu mmoja tu sitaki ajue, maana akijua hatalala tena." Akakunja paji la uso, akajigonga kwa kidole, mara mbili, tatu. Alitazama chini, akanitazama mimi, akatazama chini tena. "Nani vile? Alimtaja kabisa. Mtu wa karibu kabisa. Ah! Imenitoka, bibi."

Nikanywa maji yaliyobaki kwenye bilauri. Nikaiweka chini.

"Haidhuru, mwanangu," nikamwambia. "Endelea."